Shajara ya mradi: matofali ya udongo, mashine ya kupimia, na saruji ya wasiwasi

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo tumechimba mashimo matatu, pembezoni mwa mji wa Morogoro, mahali ambapo Milima ya Uluguru huonekana yote asubuhi kabla mawingu hayajashuka. Udongo wa juu wenye mizizi tumeusogeza pembeni, utakuwa wa bustani. Ule wa chini, mwekundu, unaoanza kama nusu mita kwenda chini, ndio utakaojenga madarasa.

Kwa atakayeanzia kusoma hapa, kazi yenyewe ni hii. Kikundi cha akina mama wa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kinajenga chekechea ya madarasa mawili. Wamechagua matofali ya kufungamana: udongo unachanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwenye mashine ya mkono, kisha tofali linamwagiliwa maji siku kadhaa badala ya kuchomwa. Hakuna tanuri, hakuna gari la kuni kutoka mlimani, na ukutani matofali yanashikana yenyewe, hivyo saruji ya kuunganishia inatumika kidogo sana. Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Mwenzangu ni kijana wa umeme na programu. Tumekubaliana na kikundi tutengeneze mashine ndogo itakayopima udongo, ishauri kiasi cha saruji, kisha iimwage yenyewe kwa kipimo. Akili mnemba inafikiri, roboti inapima na kumwaga, fundi anaamua.

Nilimsalimia fundi mkuu, nikamuuliza, "Mzee, mfuko mmoja wa saruji unakupa matofali mangapi?"

"Sabini."

"Na udongo ukiwa mzuri?"

"Sabini."

"Kwa nini yasifike tisini?"

Akachota udongo kwenye shimo la pili, akaufinya, akaufungua mkono na kuutazama. "Binti, huu udongo siujui bado. Nikiwa sina uhakika naongeza saruji. Ukuta ukipasuka hawatauuliza udongo, wataniuliza mimi."

Nimeyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Katika saruji anayonunua mtu wa kawaida, sehemu fulani inabeba ukuta na sehemu nyingine inabeba wasiwasi wa fundi. Mradi huu unaifuata ile sehemu ya pili. Na hatuwezi kuipunguza kwa kumwambia fundi asiogope. Ana haki ya kuogopa, jina lake liko ukutani.

Wiki ya 1, Alhamisi

Vipimo vya kwanza. Chupa ya maji yenye udongo ndani, tikisa, iache usiku kucha: mchanga unakaa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Halafu sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Unalijaza udongo uliolowa, unauacha ukauke kivulini, kisha unapima umejivuta milimita ngapi. Ukijivuta sana, mfinyanzi ni mwingi, na tofali litataka saruji zaidi au mchanga wa kuongezea. Ni kipimo cha zamani, cha enzi zilezile za mashine ya mkono ya kwanza ya aina hii iliyobuniwa Bogotá, Colombia, miaka ya 1950. Sijaona sababu ya kukiacha. Programu yetu italishwa milimita hizo kama taarifa yake ya kwanza.

Masanduku yetu matatu yamejivuta kwa viwango vya karibu sana, isipokuwa la shimo la tatu, ambalo limezidi kidogo. Nimeweka alama.

Wiki ya 2, Jumanne

Kikao na akina mama, chini ya mwembe. Mama mwenyekiti ameuliza swali la haki: saruji ikipungua, faida ni ya nani? Nimeanza na pesa, maana ndizo wanazochangishana kila wiki. Matofali tunayohitaji ni kama 3,600. Kwa desturi ya fundi hiyo ni mifuko 52. Kila mfuko tunaouokoa unakwenda kwenye bati.

Halafu mama mmoja wa nyuma akauliza habari za hewa ukaa, kwamba amesikia redioni saruji inachafua hewa, lakini haoni moshi ukitoka kwenye mfuko. Hapo nimekaa muda mrefu, kwa sababu watu wengi hudhani uchafu wote ni wa makaa ya mawe yanayochomwa kiwandani. Saruji huanza kama jiwe la chokaa. Jiwe hilo, pamoja na udongo, huchomwa kwenye tanuri hadi karibu nyuzi 1,450 ili kupata klinka, yaani vidonge vinavyosagwa kuwa saruji. Katika joto hilo jiwe lenyewe linaachia kaboni iliyokuwa imefungiwa ndani yake. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya klinka inatoka kwenye jiwe, si kwenye moto. Kwa hiyo hata ukichoma kwa nishati safi kabisa, sehemu hiyo inabaki. Kwa dunia nzima, saruji inabeba kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za watu.

"Basi dawa ni kutumia kidogo," akasema mama mwenyekiti.

Dawa mojawapo, ndiyo. Nyingine ni kubadilisha saruji yenyewe. Kuna saruji inayoitwa LC3, iliyotokana na kazi ya Karen Scrivener wa chuo cha EPFL, Uswisi, na wenzake wa Cuba na India. Humo klinka inabaki kama nusu, na nafasi yake inachukuliwa na mfinyanzi uliochomwa kwa joto dogo zaidi, la nyuzi 700 hadi 850 hivi, pamoja na jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Hewa ukaa inapungua kwa hadi asilimia 40. Lakini hayo ni ya kiwandani. Sisi pale chini ya mwembe tuna mfuko wa kawaida na chepe, na kilichoko mikononi mwetu ni kiasi.

Wiki ya 2, Ijumaa

Programu. Mwenzangu alitaka kuanza na data iliyopo. Kuna mkusanyo maarufu wa nguvu za zege aliouchapisha I-Cheng Yeh mwaka 1998, wenye sampuli 1,030, kila moja ikionyesha saruji, maji, mchanga, kokoto, umri wa zege na nguvu yake. Wanafunzi wengi wa akili mnemba wameupitia. Aliufundishia modeli, yaani programu inayojifunza kubashiri kutokana na mifano, usiku mmoja, na asubuhi modeli ikawa inabashiri zege vizuri sana. Tukaipa mchanganyiko wetu wa udongo.

Ikajibu. Hilo ndilo lililonitia hofu: ilijibu bila kusita, ikatoa namba yenye desimali mbili, juu ya kitu ambacho haijawahi kukiona. Hakuna hata tone la mfinyanzi katika sampuli zile 1,030. Tumeiweka pembeni.

Tunachotumia sasa ni modeli ya aina nyingine, inayotoa makadirio mawili kwa pamoja: nguvu inayoitarajia, na ukubwa wa shaka yake. Mahali penye vipimo vingi shaka inakuwa ndogo, na mahali pasipo na vipimo shaka inapanuka. Kisha yenyewe inapendekeza mchanganyiko unaofaa kujaribiwa baadaye, ule utakaopunguza shaka kwa kiasi kikubwa zaidi. Akili mnemba imetumika kwenye zege kubwa pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, wakishirikiana na kampuni ya Meta, waliitumia akili mnemba kutafuta michanganyiko ya zege yenye kaboni ndogo, na baadhi ikamwagwa kwenye ujenzi wa kituo cha data huko DeKalb, jimbo la Illinois, Marekani.

Nilipomweleza fundi jinsi modeli hii inavyofanya, alicheka, kisha akanyamaza akifikiri. Mimi pia nililiwaza jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Yeye akiwa na shaka anaongeza saruji. Modeli ikiwa na shaka inaomba tofali jingine la majaribio. Shaka ni ileile. Tofauti ni mahali inapopelekwa.

Tumeshindilia michanganyiko 14, matofali 6 kila mmoja. Saruji kuanzia asilimia 4 hadi 10 ya uzito wa udongo mkavu.

Wiki ya 3, Jumatano

Mashine ya kumwaga saruji imesimama kwa miguu yake. Ni pipa dogo lenye skrubu ndefu chini, inayozungushwa na mota ya waipa ya gari. Chini yake kuna ndoo inayoning'inia kwenye kihisi cha uzito. Skrubu inasukuma saruji, kihisi kinasoma, gramu 200 kabla ya lengo mota inapunguza kasi, kisha inasimama. Umeme wake ni betri ya gari inayochajiwa na paneli ya sola, kwa sababu kwenye kiwanja hakuna nguzo.

Asubuhi ya kwanza iligoma. Umande uliingia kwenye mdomo wa skrubu, saruji ikashikana na kuwa kidonge kigumu kama jiwe la kiberiti, mota ikalia bila kuzunguka. Fundi mkuu akaomba kisu, akakata kipande cha tyubu ya pikipiki, akakifunga mdomoni kama kope la jicho: kinafunguka saruji ikisukuma, kinajifunga ikiacha. Hatujakibadilisha. Kwenye mchoro rasmi wa mashine kimeandikwa "kope".

Kamera tumeiacha. Wazo lilikuwa isome unyevu kwa rangi ya udongo, na ndani ya chumba ilifanya vizuri. Nje, wingu likipita, udongo uleule unakuwa mwingine. Badala yake tuna kikombe cha chuma chenye kihisi cha umeme. Unajaza udongo, unaushindilia kwa uzito uleule kila mara, kihisi kinasoma chaji, maana maji hubadilisha namna udongo unavyoshika umeme. Bila kushindilia, hewa iliyo katikati ya chembe inadanganya kipimo. Ilituchukua siku mbili kuligundua hilo.

Unyevu una uzito kuliko unavyodhaniwa. Fundi hupima udongo kwa toroli. Baada ya mvua, toroli lilelile lina maji mengi na udongo mchache. Siku ya jua kali ni kinyume chake. Kwa hiyo saruji ileile kwa toroli lilelile inatoa matofali yenye nguvu tofauti Jumatatu na Alhamisi, na fundi anayejua hivyo anaweka saruji ya kutosha kwa siku mbaya kuliko zote. Mashine yetu inatoa maji kwenye hesabu kwanza, inapata uzito mkavu, ndipo inapima saruji.

Wiki ya 3, Jumamosi

Saidia fundi mmoja ameleta simu yenye video ya nyumba inayochapwa: mdomo wa mashine unazunguka na kumwaga zege tabaka juu ya tabaka. "Dada, kwa nini tusilete hii?"

Swali zuri, na jirani zetu wanayo. Kilifi, Kenya, kuna mradi wa Mvule Gardens wa kampuni ya 14Trees, uliopangwa kuwa na nyumba 52, kuta zikichapwa na mashine ya BOD2 ya COBOD kutoka Denmark. Kampuni hiyohiyo ilichapa kuta za shule huko Salima, Malawi, mwaka 2021, kwa saa 18. Naiheshimu kazi ile. Mahali ambapo madarasa yamepungukiwa kwa maelfu, kasi si anasa.

Lakini niliwaonyesha kinachopita kwenye mdomo ule. Zege la kuchapwa lazima lipite kwenye bomba, na mara nyingi halina kokoto kubwa. Nafasi ya kokoto inajazwa na unga, na unga huo kwa kawaida ni saruji nyingi kwa kila mita ya ujazo. Akiba inapatikana kwa kufanya ukuta uwe na uwazi ndani na kutomwaga kitu mahali kisipohitajika. Hesabu inaweza kwenda upande wowote, kutegemea aliyechora.

Iliyonigusa zaidi ni nyingine. Mwaka 2021, huko Massa Lombarda, Italia, ofisi ya Mario Cucinella na kampuni ya WASP walichapa nyumba inayoitwa TECLA kwa udongo wa mahali palepale: tabaka 350, saa 200 za kuchapa. Na chuo cha ETH Zurich kina mashine ya kuchimba inayojiendesha ambayo ilijenga ukuta wa mawe makavu wenye urefu wa mita 65 na kimo cha mita 6, kwa mawe yasiyochongwa na vipande vya zege la zamani. Inaliinua jiwe, inalipima sura yake, inatafuta mahali litakapokaa vizuri, inaliweka. Nimeitazama mara nyingi. Kwa kawaida kiwanda huichukua malighafi na kuilazimisha ifanane ili mashine isihangaike. Pale mashine ndiyo inayohangaika, jiwe linabaki lilivyo. Hicho ndicho nakitaka kwa udongo wetu mwekundu, kwa kiwango cha ndoo na mota ya waipa.

Wiki ya 6, Alhamisi

Majibu ya siku 28. Maabara ya chuo kimoja hapa mjini walitupa nafasi asubuhi. Matofali yalilala majini saa 24 kabla ya kuvunjwa, maana ukuta unaolowa ndio unaotisha.

Lengo tulilojiwekea ni niutoni 2.5 kwa milimita mraba, tofali likiwa limelowa. Asilimia 10, ambayo ni sawa na sabini za fundi, ilitoa 4.1. Asilimia 7 ilitoa 2.9. Asilimia 5 ilitoa 1.8, na tofali moja lilianza kumeguka kwenye kona kabla hatujaligusa na mashine.

Fundi alikuja nasi. Alisimama kando ya mashine akiwa amevua kofia. Tofali la asilimia 7 lilipofika 2.5 likaendelea kushikilia, mlio wa mashine ukipanda, alisema polepole, "Linakaa." Lilipovunjika hakusema kitu. Alivikusanya vipande vyake kwenye mfuko wa sulfeti, akaondoka navyo.

Asilimia 7 ni matofali 95 kwa mfuko.

Wiki ya 7

Uzalishaji umeanza. Tunachanganya kidogo kidogo, kilo 60 za udongo kwa mara moja, zinatoka matofali 8, na yote yanashindiliwa ndani ya nusu saa kabla saruji haijaanza kushika. Maji fundi anayapima kwa mkono: anafinya donge, analiachia kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande vinne au vitano, unyevu ni sawa. Likibaki zima, maji yamezidi; likisambaratika, yamepungua. Kihisi chetu na donge lake vinakubaliana mara nyingi, na visipokubaliana tunarudia vyote viwili.

Mwisho wa mashine ya kushindilia tumeweka mzani wenye kimkono. Kila tofali bichi linapimwa. Likiwa jepesi kupita kiasi, maana yake halikujaa, kimkono kinalisukuma pembeni, nalo linavunjwa na kurudishwa kwenye mchanganyiko papo hapo. Hii ndiyo roboti yetu ya pili, na ndiyo vijana wanayoipenda.

Siku nzuri ni matofali 320.

Wiki ya 9, Jumatatu

Nimefika saa moja asubuhi. Fundi alikuwa ameshafunua turubai. Matofali 216, yote ya kuanzia Alhamisi mchana hadi Ijumaa jioni, yamepasuka. Mipasuko myembamba, mingine kutoka upande hadi upande. Nilipitisha ukucha kwenye mmoja, ukazama.

Nimekaa nayo siku nzima na nataka kuyaandika kama yalivyotokea.

Alhamisi mchana shimo la kwanza liliisha, tukahamia la tatu, lile ambalo sanduku lake lilijivuta zaidi. Rangi ni ileile. Ukitazama kwa macho hutofautishi. Modeli ilipata vipimo vya shimo la tatu, ikakadiria kwamba asilimia 7 bado inatosha, na shaka yake ikapanda karibu mara tatu. Iko kwenye kumbukumbu, nimeiona mwenyewe, saa nane na dakika kumi. Lakini kioo kilicho mbele ya fundi kinaonyesha namba moja tu: kilo za saruji. Mimi ndiye niliyeamua kionyeshe namba moja. Nilidhani nampunguzia fundi mzigo. Nilichukua modeli niliyoichagua kwa sababu inajua kusema "sina hakika", halafu nikaiziba mdomo.

Kilichoniumiza zaidi ni alichosema fundi. "Binti, ule udongo ulikuwa unanata. Niliuviringisha mkononi ukawa kama uzi. Nikatazama kioo, kioo kikasema vilevile. Nikasema labda mashine inajua."

Miaka zaidi ya 30 ya mikono yake ilijua, akaiweka chini kwa sababu ya kioo changu. Nimemwomba radhi mbele ya vijana, na kwa akina mama nimekwenda jioni. Mama mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, akauliza matofali yaliyopasuka yatafanya nini. Yatasagwa na kuwekwa chini ya sakafu. "Basi hayajapotea yote," akasema, akanipa chai.

Wiki ya 10

Mambo matatu yamebadilika.

Kioo sasa kina taa. Kijani, modeli ina vipimo vya kutosha kuhusu udongo wa namna hiyo. Njano, haina, na taa ikiwa njano skrubu haizunguki mpaka fundi mwenyewe abonyeze, akichagua ama kuongeza saruji, ama kuongeza mchanga, ama kusimama na kupima. Mwenzangu aliuliza kama hatua hiyo haitachelewesha kazi. Itachelewesha.

La pili, mkono wa fundi umeingia kwenye data. Kabla ya kila lundo jipya anauviringisha udongo uliolowa, anatoa alama kuanzia 1, unaomeguka, hadi 5, unaonyooka kama uzi. Tumerudi nyuma na kumwomba aupe alama udongo wote tuliohifadhi kwenye mifuko, bila kumwambia umetoka shimo gani. Modeli ikafundishwa upya ikiwa na alama zake. Katika vipimo vyote tunavyoipa, baada ya kiasi cha saruji chenyewe, hakuna kinachoisaidia zaidi ya alama hiyo, hata kihisi nilichokihangaikia siku mbili.

La tatu ni dogo: mashimo yana vibao vyenye namba, na toroli linapita kwenye mzani likiwa na namba ya shimo lake.

Udongo wa shimo la tatu sasa unaongezewa mchanga, na saruji ni asilimia 8.5. Hiyo ni matofali 80 kwa mfuko. Modeli ilipendekeza, taa ikawa njano, fundi akaagiza matofali ya majaribio kwanza. Tulisubiri siku saba, tukavunja matatu, yakatosha. Ndipo akabonyeza.

Wiki ya 12

Kuta zinapanda. Kazi ya kupanga matofali inafanywa na watu, na sikuwahi kufikiria vinginevyo. Zipo roboti za kujenga ukuta, kama Hadrian X ya kampuni ya FBR ya Australia, na kwao, ambako waashi ni wachache na ghali, zina maana. Hapa Morogoro kijana anayepanga mstari wa sita wa matofali leo anajifunza kazi atakayoishi nayo. Ningemnyang'anya kazi ili niokoe nini? Si saruji. Tofali likifika mikononi mwake saruji yake imeshaamuliwa.

Niliona jambo moja jana. Kijana aliinua tofali, akaligonga kwa fundo la kidole, akasikiliza, akaliweka kando. Nikalipeleka mzanini: lilikuwa jepesi kwa gramu chache kuliko kiwango, kimkono kililipitisha. Nimemwomba agonge kila tofali analoliweka. Mwenzangu ameshaanza kutazama kipaza sauti cha bei ndogo.

Wiki ya 14, Jumanne

Lenta, mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, imemwagwa jana. Nondo nne, zege la kawaida, na hapo hatukubana chochote.

Hesabu ya matofali hadi leo: mifuko 43, pamoja na ya majaribio na ile iliyoishia kwenye matofali 216. Bila kosa la wiki ya 9 ingekuwa kama mifuko 41. Kwa desturi ya sabini ingekuwa 52. Mifuko tisa ni kilo 450, na fedha yake mama mwenyekiti ameshaiandika kwenye daftari la kikundi, kwenye mstari wa bati.

Fundi ameniambia kuna mtu wa Mzumbe anataka nyumba ya vyumba vitatu kwa matofali haya. Udongo wa huko ni mwingine, wa kijivu, haujawahi kuingia kwenye mashine yetu. Nilimuuliza ataanza na matofali mangapi kwa mfuko.

"Sabini," akasema. Kisha akaongeza, "mpaka taa iwe kijani. Niletee lile sanduku lako la mbao na mifuko ya sampuli. Kesho asubuhi tunakwenda kuchimba."